Kumi ya Kiswahili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Malindi, Kaunti ya Kilifi
Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, asubuhi
Yameandikwa na Koplo Purity Nekesa

Mimi naitwa Nyale Charo Ngowa, mwanamume wa miaka hamsini na nne, Mgiriama, mkaazi wa Ganda, Malindi. Kazi yangu ni kinyozi. Shule niliachia darasa la sita. Yaliyobaki nimeyapata kwa kusikiliza watu walioinamisha vichwa. Kiswahili nakisema na nakisoma. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa.

Kabla ya lolote naomba iandikwe, kwa herufi kubwa kama karatasi inaruhusu, kwamba mnamo Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, asubuhi, ndani ya kibanda changu cha kunyolea, kichwa cha Mzee Mangi, mweka hazina wa Ushirika wa Mahenzo, kilinyolewa upande wa kushoto peke yake. Upande wa kulia ulibaki na nywele zake zote, nyeupe, kama Mungu alivyozipanga. Tukio hilo lilishuhudiwa na wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu, ambao baada ya kuliona hawakungoja tena. Mzee Mangi aliondoka amevaa kofia na mpaka leo hajaivua, hata kanisani.

Koplo Purity ameniuliza kama nimekuja kituoni kushtaki nywele. Nimemjibu kwamba mimi naanza na nilichokiona, na hapo ndipo jambo lilipoonekana na kila mtu.

Kibanda changu kimeegemea ukuta wa nyuma wa chumba cha baridi cha Ushirika wa Mahenzo. Ni ushirika wa wakulima wa maembe wa pale Ganda. Mahenzo kwa Kigiriama ni mapenzi. Walilichagua jina hilo kabla hawajafahamiana vizuri. Maembe hukamuliwa rojo, rojo hutiwa kwenye ndoo, na ndoo huingia chumba cha baridi zikingoja lori la Mombasa. Baridi yenyewe hutengenezwa na kompresa mbili kubwa. Umeme wa kompresa unatoka kwenye nyumba ya mita iliyo kando ya barabara, na kutoka pale hadi chumba cha baridi ni mbali, kuna shamba zima la minazi katikati. Mimi kamati ilinipa tundu moja la umeme kwenye ukuta ule, kwa makubaliano kwamba wanakamati watanyolewa bure. Tangu siku hiyo kamati imekuwa ikiongeza wanachama.

Jambo lenyewe lilianza Novemba mwaka jana, mitambo ilipokuwa haijafungwa. Aliyepewa kupima kazi ya umeme ni Mhandisi Krupali, binti wa Bwana Anantrai mwenye duka la vifaa vya umeme Malindi mjini. Amezaliwa Malindi na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, ila saa anazisoma kwa Kizungu, nadhani ni vyuo vilivyomharibu. Alikuwa amemwandikia Mama Jedida, mwenyekiti wetu, ujumbe wa simu: "Kesho saa 10." Mama Jedida akatuita saa kumi alasiri. Tulipofika tulimkuta Mhandisi amekaa juu ya kreti, amechoka, amekula maembe mpaka ameacha.

Mama Jedida alimwuliza, "Mwanangu, umekuja lini?"

"Saa kumi, Mama, kama nilivyosema."

"Saa kumi ndiyo hii."

"Basi niliwahi," akajibu.

Ndipo akatueleza habari ya waya. Mbele yake alikuwa na fundi atakayeifanya kazi, Joram Mwambire. Huyu Joram ni mwanyumba wangu, yaani yeye na mimi tumeoa ndugu wawili. Mke wangu ni Dorcas, na mke wa Joram ni dadaye Dorcas. Mimi na Joram hatukuchaguana. Tulichaguliwa na mabinti wa mzee mmoja. Lakini kwa miaka mingi nilijihesabu nilibahatika, maana wanyumba wengi huonana msibani tu, na sisi tulikuwa tukitafutana.

Mhandisi alisema waya wa kompresa uwe wa kumi. Kumi hapo ni milimita za mraba, ule unene wa shaba ya ndani ukiukata waya kama muwa ukautazama usoni. Joram akasimama. Akasema yeye amepiga hesabu ya kompresa zote mbili na waya wa nne unazibeba bila wasiwasi. Kwa nini kumi?

"Fundi, umesema kweli," Mhandisi akamwambia. "Mzigo, nne inaubeba. Lakini kwenye kazi kubwa kama hii waya hupimwa kwa mambo mawili, mzigo na safari. Ingekuwa kompresa ziko ukuta wa pili kutoka kwenye mita, ningekwambia nne na ningelala usingizi. Hapa umeme utavuka shamba. Ukipita kwenye waya mwembamba njia yote ile, utafika umechoka. Na kompresa ikipewa umeme uliochoka haipunguzi kazi. Inavuta zaidi, inapata joto, na mwisho inaungua."

Mzee Mangi akasema hiyo ni kweli hata kwa gunia. Mtu yeyote analibeba mpaka mlangoni. Mwambie alifikishe Tezo kwa miguu umwone.

"Hiyo ndiyo hesabu yenyewe, Mzee," Mhandisi akasema. "Kumi."

Mimi siyo mwanakamati. Nilikuwa nimesimama dirishani na kitambaa begani. Nikasema, "Mhandisi, samahani. Kumi ya Kiswahili au kumi ya Kizungu? Maana kumi ya Kiswahili kwa Kizungu ni nne."

Watu walicheka sana. Mama Jedida alishika meza. Mhandisi mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, kwa vile alikuwa ametungoja tangu kumi ya Kizungu. Joram alicheka kuliko wote, akanipigia makofi. Siku nzima nilijiona mtu.

Naeleza utani huu kirefu kwa sababu utarudi, nao ukirudi hautachekesha.

Waya wa kumi uliletwa mwisho wa mwezi ule kutoka duka la Bwana Anantrai, umeviringishwa kwenye gurudumu lake kubwa la mbao. Ni ule mweusi wa kuzikwa ardhini, uliovikwa vyuma vidogo chini ya ngozi yake. Aliyeupokea ni dada yangu, Zipporah Charo, mtunza stoo wa Ushirika. Akamkabidhi Joram akaufunge. Mtaro ulichimbwa na wanachama wenyewe, kila familia na kipande chake, lakini kuulaza waya na kuufukia Joram alifanya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Nilipomwuliza kwa nini Jumapili, alisema jua la Jumapili lina huruma. Nilimwamini. Nilidhani ni la kiroho.

Jumatatu yake Joram alikuja kunyolewa. Akiwa kwenye kiti changu simu ililia, alikuwa Mhandisi Krupali. Alikuwa Mombasa, bibi yake mzaa baba, Bi Motiben, amelazwa, na hakuweza kuja kuikagua kazi. Nilikuwa nimeshika sikio la Joram nikilinyoa pembeni, kwa hiyo nilisikia sawasawa. Joram alisema hivi: "Nimezika kumi, Mhandisi. Kumi safari nzima. Wewe muuguze bibi." Mhandisi akasema tumngoje aje apime kabla ya kuwasha. Kamati ilikubali kungoja, maembe hayakukubali. Yalianza kuanguka, na mitambo ikawashwa.

Sasa nafika kwangu.

Najenga nyumba pale Ganda, vyumba vitatu, mabati, nje kidogo ya barabara. Katikati ya Desemba, Jumamosi mchana, Joram alifika na pikapu ya kuazima. Nyuma kulikuwa na waya mweusi umekunjwa duara kama chatu aliyeshiba. Alisema ni masalio ya kazi yake moja ya Watamu na kwamba ameniletea mimi.

Nikamwambia, "Mwanyumba, huu ni wa kiwanda. Mimi nitawasha redio na taa tu."

"Leo una redio. Kesho Dorcas atataka friji. Kesho kutwa utaweka mashine zako za kunyolea hapa hapa," akasema. "Halafu watu waseme nini? Joram ni fundi, na mwanyumba wake taa zake ni vimulimuli?"

Tuliuzika pamoja kuanzia barabarani mpaka mlangoni pangu. Jembe lilikuwa langu. Majirani walikuja kutazama, wengine wakatoa ushauri wa jinsi ya kushika jembe. Dorcas alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akamwekea Joram kichwa cha samaki. Siku ile sikumwita mwanyumba. Nilimwita ndugu yangu. Na tangu siku ile kila aliyekaa kwenye kiti changu alielezwa unene wa waya ulio nyumbani kwangu, atake asitake, kwa kuwa mtu anayenyolewa hawezi kuondoka katikati. Nilikuwa bado sijajua kwamba anaweza.

Januari msimu ulipamba moto, kompresa zote mbili zikawa kazini. Hapo nikaanza kuona vitu. Kompresa ya pili ikiamka, taa ya kibandani ilisinzia, na mashine yangu ikaacha kukata nywele ikaanza kuzing'oa. Mteja mmoja aliniuliza, "Nyale, unaninyoa au unaning'oa?" Nilimwita Joram aione. Aliigeuzageuza mashine, akasema ni ya bei rahisi. Tena kuku wa Mama Jedida akahamia kwenye bomba la chuma ambamo ule waya unapanda ukutani, akatagia pale, akaatamia. Ganda Januari hakuna kiumbe anayetafuta joto zaidi ya alilonalo. Kuku yule alikuwa akitoa maelezo yake mapema kuliko mimi. Mimi nilicheka tu, nikawaonyesha wateja.

Ndipo ikafika ile Jumatatu ya Mzee Mangi. Nilikuwa nimemaliza kushoto. Taa ikasinzia, haikuamka. Nyuma ya ukuta kompresa ikaguna kama mtu anayejaribu kuinua kitu, ikaguna tena, kisha pakatoka harufu kama ya karanga zilizoungua. Nikatoka mbio na kitana mkononi. Zipporah alikuwa ameshafika mbele yangu, amezima swichi kubwa, anakohoa kwa ule moshi. Kompresa ya kwanza ilikuwa imekufa. Ya pili waliiwasha peke yake baadaye ikafanya kazi kidogo, nayo ikamfuata mwenzake.

Kilichokuwa ndani ya chumba kile ni mavuno ya watu. Zipporah na akina mama walikwenda kuomba barafu kwa wauza samaki, wakazirundikia zile ndoo. Kwa siku mbili walipokezana. Siku ya tatu rojo likaanza kuchacha, ndoo zikafura, vifuniko vikawa vinaruka vyenyewe na kugonga dari. Dada yangu alikaa chini sakafuni miongoni mwa ndoo. Hakulia. Alikuwa akivirudisha vifuniko.

Ijumaa tarehe 7 Mhandisi Krupali alikuja. Alipima umeme kule kwenye mita, akakitazama kipimo chake, akasema hapa umeme uko mzima. Akaja akapima kwenye chumba cha baridi huku pampu na mashine za kukamulia zikivuta. Kipimo kikashuka. Akaomba jembe. Wakafukua katikati ya minazi, akazima umeme, akaukata waya, akautazama usoni kama unavyotazamwa muwa. Ulikuwa wa nne.

Jumamosi tarehe 8 kamati ilikaa, na mimi niliitwa kwa kuwa mashine yangu ilikuwa ushahidi. Mhandisi aliweka mezani vipande viwili, cha nne alichokikata na cha kumi alichokitoa dukani kwao, ili watu waone tofauti. Akamgeukia Joram.

"Fundi, mimi nilikwambia kumi. Na wewe kwenye simu uliniambia umezika kumi."

Joram alisimama taratibu. Alivaa shati lake la harusi.

"Mhandisi, ni kweli ulisema kumi. Na mimi kwenye simu nilisema kumi. Sikukana, wala sikani. Lakini mimi ni Mswahili. Kumi ya Kiswahili kwa Kizungu ni nne. Waya umeandikwa kwa Kizungu. Basi niliona ulioletwa si wenyewe, nikatafuta wa nne." Kisha akanigeukia. "Si mimi niliyeleta jambo hili. Mwulizeni mwanyumba wangu Nyale. Aliuliza mbele yenu wote, ya Kiswahili au ya Kizungu? Na hakuna aliyemjibu. Kila mtu alicheka. Mimi nikadhani ndiyo majibu."

Naapa watu walicheka tena. Walikuwa wamepoteza msimu mzima na walicheka. Na walipomaliza kucheka nikaona nyuso zao zimelainika, maana hakuna mtu pale ambaye hajawahi kukosa jambo kwa ajili ya saa za Kizungu. Mama Jedida mwenyewe aliwahi kukosa harusi ya mwanawe wa kwanza kwa hiyo hiyo kumi iliyo nne. Akasema, "Makosa haya hata mimi ningeyafanya." Wengine wakaanza kunitazama mimi. Mzee Mangi alinitazama chini ya kofia.

Mhandisi peke yake hakucheka. Akauliza, "Na ile kumi niliyoleta iko wapi?"

"Niliirudisha stoo," Joram akasema. "Kwa mkono wa Zipporah."

Dada yangu akasema, "Waya haukurudi."

"Umerudi, shemeji. Labda umesahau. Una vitu vingi."

"Gurudumu kubwa kuliko meza hii, nilisahau vipi?"

"Mimi sijui. Mwenye ufunguo ni wewe."

Hakupandisha sauti. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia.

Mimi nilikuwa nakitazama kile kipande cha kumi pale mezani. Nilikiomba nikishike. Nilikigeuza, nikaupima ubavu wake kwa kidole gumba, na kidole changu kilikuwa kinaujua. Nikakirudisha mezani. Kidole gumba siyo ushahidi.

Nilipofika nyumbani nilichukua jembe nikafukua mlangoni pangu. Dorcas akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta maandishi. Nilipangusa udongo kwa shati langu. Waya ule umeandikwa mwilini, kwa weupe, na unarudia kila baada ya hatua, kama mtu asiyeaminiwa akisema ukweli. Ulisema kumi.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Joram. Nilimkuta uani anatengeneza feni ya jirani.

"Mwanyumba, karibu chai."

Nikasema, "Waya ulio kwangu ni wa nani?"

"Ni wako. Nilikupa."

"Kabla hujanipa ulikuwa wa nani?"

Akacheka. Akaangalia kama mkewe yuko karibu. "Mwanyumba, kaa. Sikiliza. Kwangu hapa zunguka utakavyo, hutapata hata kipande. Kwako umo. Uliuzika kwa jembe lako, majirani wakiona, na Ganda nzima umewatangazia unene wake. Na mwenye stoo ni dada yako. Mimi hata ningekuwa polisi ningecheka."

Nikamwuliza nusu nyingine iko wapi, maana waya wa kuvuka shamba zima haukuishia mlangoni pangu. Akasema Mtwapa, na nisiulize tena.

Nikamwuliza, "Siku ile unaniletea, ulikuwa umeshalijua hili? Ulikuwa unanipa zawadi au ulikuwa unanipa mzigo?"

Alichukua bisibisi akakaza parafujo ambayo ilikuwa imeshakazwa. Aliikaza kwa muda mrefu. Nilingoja mpaka nikaona hataki kuinua uso. Ningependa iandikwe kwamba nilingoja, kwa kuwa kama angesema neno moja, hata la uongo, labda nisingekuwa hapa leo. Alisema tu, "Chai inapoa."

Jana Jumatatu askari walikuja stoo wakamchukua Zipporah kwa wizi wa waya. Walimchukua kwa heshima, sina lawama. Mchana nilimletea chakula hapa kituoni. Alikuja dirishani, kilemba hana.

"Kaka," akasema, "na wewe unaamini niliuchukua?"

Nilijua ulipo. Nilikuwa nimeukanyaga asubuhi hiyo nikitoka mlangoni. Nilimwambia ale kwanza kabla maharagwe hayajapoa. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikimficha kitu, akachukua sahani.

Nyumbani Dorcas alikuwa ameshajua. Aliketi jikoni, hajawasha jiko.

"Joram ni mume wa dada yangu," akasema.

"Na Zipporah ni dada yangu."

"Basi mmoja wetu atalia."

"Mmoja ameshaanza."

Akalitazama jiko. Kisha akasema, "Nilimpa kichwa cha samaki." Leo asubuhi yeye ndiye aliyenipigia pasi shati hili.

Koplo Purity ameniuliza kama ninafahamu kwamba kwa maelezo haya najiweka mahali pabaya, kwa kuwa mali inayotafutwa iko kwangu. Nafahamu. Joram alinieleza vizuri kuliko Koplo. Lakini Joram alisema aliurudisha waya stoo kwa mkono wa Zipporah, na waya huo huo aliniletea yeye mwenyewe kwa pikapu, mchana, majirani wakiona. Majirani walewale aliowategemea wanifunge mimi waliona ni nani aliyekuwa akiushusha. Waulizwe. Watasema, mmoja alimfundisha Joram namna ya kushika jembe na hajaacha kujisifu.

Na kuhusu kumi ya Kiswahili. Mwalimu wangu wa darasa la sita alitufundisha kusoma saa namna hii: unageuza mshale utazame upande wa pili. Hakutufundisha kugeuza waya. Joram anajua nne na anajua kumi, ndizo zinazomlisha. Siku ile alisimama mwenyewe akauliza kwa nini kumi wakati nne inabeba. Mtu hawezi kubishania kumi kwa jina lake, halafu akaondoka akidhani imeitwa nne. Hilo sikulifikiri pale mkutanoni, nilikuwa nimeona haya kwa ule utani. Utani ni wangu. Niliutoa bure, na sikuutoa uwe wakili wa mtu.

Naomba waya uchimbuliwe. Naomba dada yangu atolewe.

Nimesomewa yote haya, nimeyasikia, ni ya kwangu, na palipokosewa nimesahihisha mwenyewe mahali pawili. Sikulazimishwa wala kuahidiwa.

(Sahihi) Nyale Charo Ngowa

MAONI YA AFISA

Maelezo haya yamechukuliwa na mimi kwa Kiswahili, nikamsomea shahidi, akakubali na kutia sahihi mbele yangu. Alasiri nilifuatana naye hadi nyumbani kwake Ganda pamoja na Mhandisi Krupali Anantrai. Waya umefukuliwa mahali alipoonyesha. Mhandisi ameutambua kuwa ni wa kumi, wa aina iliyotoka dukani kwao. Majirani wawili wamethibitisha kwamba ulishushwa na Joram Mwambire. Joram hakupatikana kwake. Mkewe anasema amekwenda Mtwapa. Zipporah Charo ametolewa mahabusu jioni hii.

Ncha ya waya iliyo barabarani imefungwa kitambaa. Nyumba ya shahidi haijawahi kuunganishwa na umeme.

(Sahihi) Koplo Purity Nekesa